Kaisari Pertinax na siku zake 87: ni fedha tu zilizomwangusha?

Kandili

Wakuu, naomba kueleweshwa kuhusu Pertinax, aliyeshika Dola ya Roma tarehe 1 Januari 193, saa chache baada ya mtangulizi wake, Kaisari Commodus, kunyongwa, akauawa na walinzi wake mwenyewe tarehe 28 Machi. Maelezo mengi mafupi yanammaliza kwa sentensi moja: mzee alikuwa mkono wa birika, askari hawakupata chao, wakamuua.

Yananitatiza mambo matatu. Kwanza, askari wa Praetoria, yaani walinzi wa Kaisari, waliahidiwa sestersi (sarafu za Kirumi) 12,000 kila mmoja. Walilipwa au hawakulipwa? Wengine wanasema walipewa nusu. Pili, hazina ilikuwa tupu, halafu huyo huyo anaongeza madini ya fedha kwenye dinari, sarafu ya fedha ya Roma. Asiye na kitu anaongezaje? Tatu, mtu aliyeongoza vikosi kuanzia Britania hadi Shamu alishindwaje kuwashika askari wa hapo hapo mjini?

Na hizo siku 87 zinapatikanaje? Nikihesabu napata 86. Nawasilisha.

Mfukua Nyaraka

Nianze na jepesi. Warumi walihesabu siku ya kwanza na ya mwisho zote mbili. Januari siku 31, Februari 28 (mwaka 193 haukuwa mrefu), Machi 28: jumla 87. Tumia hesabu hiyo hiyo kwa Didius Julianus aliyemfuata, kutoka 28 Machi hadi 1 Juni, utapata zile siku zake 66 zinazotajwa kila mahali.

Swali la tatu linajibiwa na maisha yake kabla ya kiti. Publius Helvius Pertinax alizaliwa tarehe 1 Agosti 126, Liguria, upande wa Alba Pompeia kaskazini magharibi mwa Italia. Baba yake, Helvius Successus, alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru akawa mfanyabiashara. Mtoto akasomeshwa, akawa mwalimu wa sarufi. Ualimu haukulipa, akaomba kazi ya jeshi kupitia Lollianus Avitus, mlezi wa familia yao. Akapewa kikosi Shamu, na hapo hapo akaingia matatani: alitumia usafiri wa posta ya serikali bila hati, na gavana akamlazimisha atembee kwa miguu kutoka Antiokia hadi kituoni kwake.

Baada ya hapo alipanda haraka. Vita vya Parthia, kisha Britania kama ofisa wa Legioni (kikosi kikubwa cha jeshi) ya VI Victrix, kisha ukanda wa Danube, kisha msimamizi wa mfuko wa kulisha watoto maskini kando ya barabara ya Aemilia, kisha kikosi cha meli za mto Rhine, kisha Dacia kwa mshahara wa sestersi 200,000 kwa mwaka. Hatua hizo za mwanzo hatuzijui kwa masimulizi peke yake. Kuna jiwe la maandishi lililopatikana Brühl, karibu na Cologne, linalozipanga moja baada ya nyingine. Kaisari Marcus Aurelius akamwingiza Senetini, baraza la wakuu wa Roma, na kumpa Legioni ya I Adiutrix. Mwaka 175 akawa konsuli, cheo cha juu cha maseneta, na mwenzake katika ukonsuli huo alikuwa Didius Julianus, ndiye huyo huyo. Akatawala majimbo yote mawili ya Moesia, Dacia, na Shamu.

Sasa angalia Britania, mwaka 185. Commodus alimpeleka kutuliza legioni zilizokuwa zinaasi. Askari walimtaka awe Kaisari wao, akakataa. Baadaye legioni moja ikamgeukia, akaachwa akidhaniwa amekufa katikati ya maiti. Alipona, akawaadhibu vikali, halafu mwenyewe akaomba aondolewe kwa sababu vikosi vilimchukia kwa ukali wake wa nidhamu. Kwa hiyo Kandili, usimchukue kama jemadari kipenzi cha askari aliyebadilika uzeeni. Alikuwa mtu wa kunyoosha vikosi, na njia hiyo ilikuwa imeshamgharimu mara moja. Tofauti ni kwamba Britania alikuwa na Kaisari nyuma yake na pa kuhamia. Mwaka 193 Kaisari ni yeye.

Mizani

Kwenye fedha tusiende kwa hisia, twende kwa hesabu. Dinari 1 ni sestersi 4. Pertinax alitangaza kwamba alikuta hazinani sestersi milioni 1, yaani dinari 250,000. Ahadi ni sestersi 12,000 kwa askari. Gawanya: hazina yote inatosha askari 83. Vikosi vya Praetoria vilikuwa 10. Wataalamu wanabishana kama kila kimoja kilikuwa na watu 500 au 1,000. Chukua idadi ndogo, watu 5,000: inatakiwa sestersi milioni 60. Chukua kubwa: milioni 120. Hapo bado raia wa Roma, ambao nao waliahidiwa dinari 100 kila mmoja.

Kwa askari, 12,000 si pesa ya chai. Mshahara wa Mpraetoria unakadiriwa kuwa dinari 1,000 kwa mwaka, yaani sestersi 4,000. Ni mishahara ya miaka 3 kwa mpigo.

Pesa aliitoa wapi? Mnada. Mali za Commodus zote zilipigwa mnada: nguo za hariri zilizodariziwa nyuzi za dhahabu, silaha za ugladieta zenye vito, vikombe, watumwa, na magari ya kukokotwa ya aina yake. Mengine yalikuwa na viti vinavyozungushwa ili abiria akwepe jua au apate upepo, mengine yalipima umbali wa njia na kuonyesha saa. Sanamu za fedha za Commodus ziliyeyushwa. Gharama za ikulu zikakatwa hadi nusu.

Walilipwa? Mwanahistoria Cassius Dio, aliyekuwa seneta na alikuwepo, anachukulia kwamba 12,000 zilitolewa. Wasifu wa Kilatini ulioandikwa miaka mingi baadaye ndio unaosema aliahidi 12,000 akatoa 6,000. Mimi nampa Dio uzito zaidi, kwa sababu malalamiko anayoyaandika si ya kutolipwa. Ni ya kudanganywa. Pertinax alisimama Senetini, askari na watumishi wa ikulu wengi wakiwemo ukumbini, akasema kwamba ingawa alikuta milioni 1 tu, amewapa askari sawa na walivyopewa na Marcus Aurelius na Lucius Verus, Makaisari wa pamoja, ambao walirithi sestersi milioni 2,700. Kila askari mkongwe alijua kwamba mwaka 161 Marcus na Lucius walitoa 20,000. Elfu 12 si elfu 20. Angekaa kimya angebaki mdaiwa mwenye hazina tupu, na hilo linasameheka. Alivyosema vile akawa mwongo mbele ya watu wenye mapanga.

Sarafu na Kutu

Naingilia swali la pili, maana sarafu ndiyo eneo langu.

Vipimo vinavyotajwa mara nyingi ni hivi: dinari ya mwisho wa Commodus ina fedha karibu asilimia 74, ya Pertinax karibu asilimia 87. Kwa uzito wa fedha halisi ndani ya sarafu, kutoka gramu 2.22 hadi 2.75. Ongezeko ni gramu 0.53 kwa kila dinari, karibu robo. Unganisha na hesabu ya Mizani: 12,000 ni dinari 3,000. Kama askari angelipwa zote kwa sarafu mpya, ingetakiwa fedha ya ziada kilo 1.6 kwa mtu mmoja. Kwa watu 5,000 ni tani 8 za ziada, bila askari kuona hata dinari moja iliyoongezeka kwenye mfuko wake. Kwake dinari ni dinari. Hapo ndipo nasema mzee alikuwa na nia safi lakini alipanga vibaya: alitumia fedha adimu kununua imani ya wafanyabiashara na maseneta wakati waliokuwa wanamnyemelea ni walinzi. Julianus alipoingia alishusha kiwango mara moja, na Septimius Severus, Kaisari aliyemfuata Julianus, akakishusha zaidi.

Kwa wanaotaka kuzitambua. Upande wa uso huandikwa IMP CAES P HELV PERTIN AVG. Mzee mwenye ndevu ndefu na nywele za mawimbi, shingo nene. Nyuma utakuta COS II, kwa sababu ukonsuli wake wa pili ulikuwa mwaka 192. Aina zinazoonekana zaidi ni PROVID DEOR, mwanamke akiinua mkono kuelekea nyota, na AEQVIT AVG, mwanamke mwenye mizani. VOT DECEN inaonyesha Kaisari akitoa sadaka kwa nadhiri za miaka 10 ya utawala. Miaka 10! Alipata chini ya miezi mitatu.

Kosa la kila siku la wageni: kuona herufi PERT kwenye dinari na kudhani ni ya Pertinax. Septimius Severus alijibandika jina hilo, kwa hiyo dinari zake za mwanzo zina L SEPT SEV PERT AVG. Hizo zimejaa. Soma kinachotangulia PERT: ukiona SEV, si yeye, ukiona HELV, endelea kuchunguza. Na kwa sababu sarafu za siku 87 ni chache na bei yake ni kubwa, za bandia hazikosi. Angalia ukingo kama una mstari wa kiungo, tafuta vitundu vidogo vya mapovu kwenye uwanda, na herufi zilizolainika pembe zote kwa usawa. Hizo ni dalili za kumiminwa kwenye kalibu. Sarafu halisi iligongwa kwa nyundo, kwa hiyo pembe za herufi hubaki kali hata pale ambapo sehemu nyingine imelika.

Kandili

Shukrani. Nimeelewa hesabu. Lakini bado naona pengo: hotuba ya uongo peke yake haitoi watu 200 kambini wakiwa na silaha. Nani alikuwa nyuma yao? Na Laetus, aliyemweka madarakani, alikuwa wapi?

Mfukua Nyaraka

Umegonga penyewe. Laetus ndiye mkuu wa walinzi, ndiye aliyepanga kifo cha Commodus pamoja na Marcia, suria wa Commodus, na Eclectus, msimamizi wa chumba chake. Sumu ilitapikwa, mwanamieleka Narcissus akamalizia kwa kunyonga. Usiku ule ule wakamwendea Pertinax, ambaye kwanza alidhani wamekuja kumuua. Hakuwaamini, alimtuma mtu wake akauone mwili kwanza. Ndipo akaenda kambini.

Kule kambini ndiko mbegu ilikopandwa, usiku wa kwanza. Baada ya kuahidi pesa akaongeza maneno kwamba kuna mambo mengi yasiyopendeza katika hali ya sasa, lakini kwa msaada wao yatarekebishwa. Kwake ni maneno ya kawaida ya kiongozi mpya. Wao walisikia: upendeleo tuliopewa na Commodus unafutwa. Kisha kesho yake akatoa neno la siri la zamu: "militemus", yaani tufanye uaskari. Alikuwa akilitumia neno hilo kila kikosi alichowahi kuongoza. Kwa Wapraetoria lilikuwa tusi, kana kwamba hadi jana hawakuwa askari. Wakakatazwa kubeba mashoka mjini na kupiga wapita njia. Tarehe 3 Januari, siku ya tatu tu, wakajaribu kumkamata seneta Triarius Maternus wamfanye Kaisari. Akawaponyoka akiwa uchi, akakimbilia kwa Pertinax, kisha akatoka mjini.

Mwezi Machi Pertinax akiwa pwani, Ostia, akikagua shehena za nafaka, walinzi wakamchagua konsuli Falco awe Kaisari. Njama ikavuja. Pertinax akarudi na kusimama Senetini akikataa Falco auawe, kwamba chini ya utawala wake hakuna seneta atakayeuawa, hata kwa haki. Falco akaenda kuishi zake mashambani. Sasa tazama alichofanya Laetus: akaanza kuwaua askari kadhaa kwa kisa hicho hicho, akijifanya anatekeleza amri ya Kaisari. Picha waliyoipata wenzao kambini ni hii: seneta msaliti anasamehewa, askari wa kawaida anachinjwa. Kuanzia hapo sababu haikuwa pesa tena. Walianza kuhofia shingo zao.

Kwa nini Laetus alifanya hivyo? Inasemwa alijuta kumpa kiti kwa sababu Pertinax alimwita mshauri mjinga. Kwa maoni yangu kosa kubwa la Pertinax katika miezi yote mitatu ni kumwacha Laetus akiwa na funguo za kambi. Alibadilisha sarafu, akafuta ushuru wa vivukoni, bandarini na njia panda, akaruhusu yeyote achukue shamba lililotelekezwa na kulilima miaka 10 bila kodi, hata kama ni ardhi ya Kaisari. Mkuu wa walinzi akabaki yule yule.

Zamu ya Usiku

Naongeza siku yenyewe, maana inaeleza vizuri namna ulinzi ulivyovunjika.

Asubuhi ya 28 Machi Pertinax alikuwa aende kwenye ukumbi wa Athenaeum kumsikiliza mshairi. Sadaka ikaonyesha dalili mbaya, safari ikafutwa. Askari wa kumsindikiza wakaanza kurudi kambini, kwa hiyo saa ile ikulu ilikuwa na watu pungufu. Ndipo kundi likatoka kambini likiwa limejipanga kama kabari. Dio anasema 200, wengine 300. Pertinax akamtuma Laetus awakabili. Laetus akafunika kichwa, akapita njia ya vibaraza ili asikutane nao, akaenda nyumbani kwake.

Malango yalifunguliwa na watumishi wa ikulu, ambao walikuwa na kinyongo chao: bajeti nusu, mnada, marafiki zao kuuzwa. Hapa Pertinax bado alikuwa na nafasi. Dio anasema wazi kwamba alikuwa na walinzi wa usiku na wapanda farasi wa kutosha kuwaua, au angefunga milango ya ndani na kujificha. Akatoka kuwakabili kwa maneno. Na ilikaribia kufaulu: wakainamisha macho, wakarudisha mapanga alani. Mmoja peke yake akaruka mbele, akasema, "Upanga huu umeletewa na askari," akampiga. Wengine wakafuata. Eclectus ndiye aliyebaki kando yake, akawajeruhi kadhaa kabla ya kuuawa. Kichwa kikachomekwa kwenye mkuki, kikapelekwa kambini. Alikuwa na miaka 66.

Kumbuka hawakuwa na mgombea mkononi. Ndiyo maana kilichofuata ni kituko cha mnada wa kiti: Sulpicianus, mkwewe Pertinax, yuko ndani ya kambi akitaja bei, Julianus yuko nje ya ukuta akitaja yake, wapambe wanakimbia katikati. Sulpicianus alifika 20,000. Julianus akaruka hadi 25,000 kwa mkupuo, akipaza sauti na kuonyesha kwa vidole. Ukirudi kwenye hesabu ya Mizani, ni mishahara ya zaidi ya miaka 6. Aliongeza pia hoja ambayo pesa haikuweza kuifuta: Sulpicianus ni baba wa mjane, atalipiza kisasi.

Mizani

Hilo la ubahili lisipite hivi hivi, maana lina mizizi yake. Wasifu wa Kilatini unasema kwamba kabla ya kutawala alikuwa akiandaa wageni nusu nusu ya saladi, na ratili 9 za nyama kwa milo mitatu bila kujali wageni ni wangapi. Akitaka kumtumia rafiki zawadi ya chakula, ni vipande viwili vya nyama au paja la kuku. Baada ya Commodus, watu wa ikulu waliozoea mabeseni waliona njaa. Lakini Dio, aliyekula naye mezani, anamsifu kwa kiasi chake. Chakula kile kile, meza mbili tofauti.

Sarafu na Kutu

Jambo moja dogo kwa wanaotaka kutumia nyaraka za majimboni. Pertinax alikataa mkewe Flavia Titiana aitwe Augusta (cheo cha mke wa Kaisari) na mwanawe aitwe Kaisari, cheo cha mrithi. Hata hivyo Alexandria wakatoa sarafu za Titiana zenye cheo hicho. Habari ya kutawazwa ilisafiri polepole, ya kukataa vyeo ikachelewa zaidi. Amri ya gavana wa Misri, Mantennius Sabinus, ya kusherehekea utawala mpya siku 15 ina tarehe ya 6 Machi. Kaisari alikuwa amebakiza wiki tatu. Kwa hiyo usitumie sarafu ya Alexandria kuthibitisha kilichoamuliwa Roma.

Na kuna kundi la pili la sarafu zake, zilizogongwa baada ya kifo. Severus, aliyetangazwa na legioni za Carnuntum tarehe 9 Aprili, alipokaribia Roma aliwaita Wapraetoria wakiwa hawana silaha, akawazungushia askari wake, akawafukuza wote jeshini na kuwapiga marufuku kukaribia mji ndani ya maili 100. Kisha akamfanyia Pertinax mazishi ya kimungu. Hapakuwa na mwili wa kuonyesha, kwa hiyo kwenye Forum, uwanja mkuu wa Roma, kikawekwa kinyago cha nta kilichovikwa nguo za ushindi, na kijana mzuri akasimama kukipungia nzi kwa manyoya ya tausi, kana kwamba mzee amelala tu. Kilipochomwa kwenye Uwanja wa Mars, tai akaachiwa kutoka juu ya rundo la kuni za kuchomea. Dinari za toleo hilo zina DIVVS PERT PIVS PATER usoni na CONSECRATIO nyuma. Tai utamkuta amesimama juu ya tufe.